Baada ya 108 kwenye redio kuna nini?

Mwalimu wa Fizikia, Entebbe, ameuliza:

Wanajukwaa, salamu. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Entebbe, na juma lililopita nilipeleka darasani redio ndogo ya betri ili wanafunzi wa kidato cha tatu waone jinsi mshale unavyohama kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mmoja wao alizungusha kitufe mpaka mshale ukagota kwenye 108, akaniuliza, "Mwalimu, baada ya hapo kuna nini?" Nilimjibu kwamba kuna ndege, kwa kuwa ndivyo nilivyosoma, lakini alipotaka kujua ndege zinafanya nini huko, kengele ndiyo iliyoniokoa.

Swali hilo limenikuta nikiwa na jingine kifuani. Jirani yangu ana kiwanja upande wa uwanja wa ndege na alikusudia kujenga ghala refu la mabati, akanyimwa kibali kwa maelezo kwamba jengo hilo lingesumbua mitambo ya kuongozea ndege. Yeye anaona ni kisingizio, kwa sababu ghala lilikuwa la ghorofa moja tu na ndege hazipiti juu ya kiwanja chake. Nami, mwalimu mzima wa fizikia, sikuweza kumwambia kama anaonewa au haonewi.

Naomba mwenye ujuzi anifafanulie mambo haya kwa lugha ambayo naweza kuifikisha darasani. Pia nimesikia kwamba marubani na mnara bado huzungumza kwa AM, ambayo wanafunzi wangu huiona kuwa ni redio ya babu zao yenye kukwaruza, ilhali FM inasikika safi. Kuna sababu, au ni mazoea tu?

Fundi wa Mitambo amejibu:

Mwalimu, nimefanya kazi ya kutunza mitambo ya aina hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na 108 kisha nije kwa ghala la jirani yako, kwa maana mambo hayo mawili yanagusana.

Redio za FM za majumbani huishia megahezi 108, na hapo hapo ndipo masafa ya kuongozea ndege yanapoanza. Kuanzia 108 hadi karibu 118 hakuna mazungumzo ya watu. Kuna mitambo inayotoa alama za kuonyesha njia. Kuanzia 118 hadi 137 ndipo yalipo mazungumzo ya marubani na waongozaji. Kwa hiyo kituo cha muziki kilicho kwenye 107 na ushei ni jirani wa mlango kwa mlango na chombo ambacho rubani hukitegemea akiwa ndani ya wingu, na ndiyo maana mtambo wa FM uliotengenezwa vibaya, unaomwaga mawimbi nje ya mipaka yake, huwakosesha watu wa anga usingizi.

Mtambo wa kwanza wa kumweleza mwanafunzi wako ni ule uitwao VOR. Mwambie afikirie askari wa zamu usiku, amesimama juu ya paa na tochi mkononi. Anaizungusha tochi polepole, kwa mwendo usiobadilika, na kila inapoelekea kaskazini anapiga filimbi. Wewe uliye gizani unaanza kuhesabu unaposikia filimbi, na unaacha kuhesabu mwanga unapokupiga machoni. Kama mzunguko mzima huchukua sekunde 36 na wewe umehesabu 9, basi uko mashariki ya askari huyo, kwa digrii 90 kamili. VOR hufanya hivyo hivyo kwa redio mara 30 kwa sekunde: mawimbi yake yana sehemu isiyobadilika pande zote, ambayo ndiyo filimbi, na sehemu inayozunguka, ambayo ndiyo tochi. Chombo kilichomo ndani ya ndege hupima tofauti kati ya hizo mbili na kumpa rubani mwelekeo.

Kwa kawaida pembeni yake huwekwa DME, ambayo hupima umbali. Ndege hutuma midundo miwili ya haraka, mtambo wa chini husubiri kidogo kwa muda unaojulikana, sehemu 50 za milioni ya sekunde, kisha hujibu, na ndege hugeuza muda wa kwenda na kurudi kuwa maili. Wanafunzi wako watapenda jambo moja hapa: umbali huo ni wa mshazari, haupimwi juu ya ardhi, hivyo ndege iliyo futi 6,000 juu ya kichwa cha mtambo bado huonyeshwa kwamba iko maili moja ya baharini kutoka hapo.

Sasa ghala. Mtambo wa kumsaidia rubani kutua wakati wa mawingu huitwa ILS, nao una antena za namna mbili. Za kwanza zimepangwa kwa safu, zikikingama, ng'ambo ya mwisho wa njia ya kurukia, zikimtazama rubani anayekuja kutoka upande wa pili. Hurusha mawimbi yenye milio miwili, mmoja wa hezi 90 unaozidi nguvu upande wa kushoto wa rubani, na mwingine wa hezi 150 unaozidi upande wa kulia. Panapokuwa na usawa wa milio hiyo miwili ndipo ulipo mstari wa katikati. Antena za pili husimama kando ya njia, karibu na pale magurudumu yanapogusa, na hufanya kazi hiyo hiyo kwa juu na chini kwenye masafa ya karibu megahezi 330, ili rubani ashuke kwa mteremko wa digrii 3.

Angalia basi, Mwalimu, kwamba kila kitu kinategemea uwiano wa milio miwili. Ukuta mpana wa mabati ni kioo kwa mawimbi hayo. Ndege itapokea mawimbi yaliyokuja moja kwa moja na pia yale yaliyogonga mabati yakarudi, uwiano utaharibika, na mstari ambao ulipaswa kuwa umenyooka utapinda. Rubani hataona kosa lolote, kwani sindano itamwambia yuko katikati. Ndiyo maana urefu wa jengo kwenda juu si hoja pekee. Ghala la ghorofa moja lenye ubavu wa mita 60 unaotazama antena laweza kuleta madhara kuliko mnara mwembamba ulio mrefu mara tatu. Hata lori likisimama mbele ya antena hizo, au ndege nyingine ikikaa karibu mno ikisubiri zamu, mawimbi huyumba, na hali ya hewa ikiwa mbaya ndege za chini husimamishwa mbali zaidi na njia kwa sababu hiyo hiyo. Sisi wenyewe tulikuwa tukifuatilia mpaka majani, kwa kuwa antena za mteremko hutumia ardhi iliyo mbele yao kama sehemu ya mtambo, na ardhi hiyo ikiwa na mashimo, vichuguu au majani marefu, mteremko hubadilika.

Siwezi kuamua kesi ya jirani yako bila kuona ramani, lakini sababu aliyopewa si ya kubuni. Ningekuwa yeye, ningeomba kwa maandishi kuelezwa ni mtambo upi unaoathirika na ni ukuta upi wenye tatizo. Mara nyingine kugeuza jengo ili ubavu wake usitazame antena, au kutumia kuta ambazo si za chuma, hubadilisha jibu.

Mwongozaji Mstaafu amejibu:

Namshukuru Fundi kwa maelezo yake. Mfano wa filimbi na tochi nitauiba. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kuongozea ndege hadi nilipostaafu, hivyo nitajibu la AM.

Si mazoea. Kwenye FM, vituo viwili vikirusha kwa wakati mmoja, kile chenye nguvu humeza kile dhaifu, na msikilizaji hajui kabisa kwamba kulikuwa na mwingine. Kwenye muziki hilo ni jambo zuri. Kwenye mnara ni hatari, kwa maana aliyemezwa anaweza kuwa ndiye mwenye injini inayowaka. Kwenye AM, wawili wakizungumza pamoja, utasikia mlio mkali wa kukera, na mlio huo ndio unaokuambia kwamba kuna mtu hukumsikia. Unasema, "Wawili mmegongana, rudieni," na kazi inaendelea.

Hata hivyo mlio huo nao una historia chungu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa ndani ya ukungu kwenye njia moja. Rubani wa KLM alitamka maneno yaliyoweza kueleweka kwamba yuko mahali pa kurukia au kwamba ameshaanza kuruka. Mwongozaji alijibu kwa neno la kukubali, kisha akamwambia asubiri, na wakati huo huo wa Pan Am wakasema kwamba bado wako njiani. Sauti hizo mbili za mwisho zilipandana, na ndani ya KLM ukasikika mlio wa kukwaruza badala ya maonyo yote mawili kwa ufasaha. Watu 583 walikufa. Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi redioni isipokuwa wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Katika mazungumzo mengine yote husemwa kuondoka. Pia neno tupu la kukubali halitoshi: rubani hurudia ruhusa aliyopewa, neno kwa neno, pamoja na namba ya njia, na kazi ya mwongozaji ni kusikiliza marudio hayo kana kwamba hakuna alichokisema kabla yake. Nikiri kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu masikio ya mwanadamu hupenda kusikia kile alichotarajia.

Namba zenyewe hutamkwa kwa namna yake. Tisa ya Kiingereza husemwa "naina" ili isifanane na tano, na njia ya 17 haisemwi kumi na saba bali moja, saba. Namba hiyo, kwa faida ya darasa, ni mwelekeo wa dira uliokatwa tarakimu ya mwisho: ukiruka kwa 17 hapa Entebbe unaelekea digrii takriban 170, karibu na kusini, na ukiitumia njia hiyo hiyo kutoka upande wa pili inaitwa 35. Njia fupi ni 12 na 30. Ukiona tofauti ya 18 kila mara, ni nusu ya duara.

Redio ikifa kabisa, rubani huweka namba 7600 kwenye chombo kinachojibu rada, nasi tukajua. Mnara nao una taa ya mkono. Kijani isiyokatika kwa ndege iliyo angani ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyokatika ni kumpisha mwenzako na kuendelea kuzunguka, na nyekundu ya kumweka ni uwanja si salama, usitue. Katika utumishi wangu wote niliitumia taa hiyo kwa dhati mara moja tu, kwa ndege ndogo iliyokuwa na hitilafu ya umeme, na ninakumbuka jinsi nilivyoifuta kioo kwa mkono wa shati kwanza, kana kwamba vumbi lingebadilisha rangi.

Rubani wa Ndege Ndogo amejibu:

Wazee wamesema mengi, mimi nitaongeza la huku bara. Viwanja vingi vidogo tunakotua, hasa vya kwenye mbuga za wanyama, havina mnara wala mtambo wowote kati ya hiyo. Unatangaza redioni mahali ulipo na unachokusudia, bila kumwelekea mtu maalumu, kisha unapita juu mara moja kuangalia kama kuna nyati au kongoni kwenye njia. Marubani wa ndege kubwa nao hufanya jambo linalofanana katika sehemu nyingi za anga ya Afrika: kwenye masafa ya 126.9 hutangaza mahali walipo, urefu wao na wanakoelekea, ili kila mmoja ajilinde mwenyewe pale ambapo waongozaji wako mbali.

Umbali huo ni suala la fizikia, Mwalimu. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakata. Ukiwa futi 10,000 unasikika kiasi cha maili 120 za baharini, ukiwa futi 35,000 ni karibu 230, na ukiwa futi 1,000 nyuma ya kilima hakuna anayekusikia hata ukipiga kelele. Ng'ambo ya hapo hutumika HF, yaani redio ya mawimbi mafupi, ambayo huruka hadi tabaka za juu za anga na kudundia chini, ikiambatana na makelele ya kila namna.

Ninalotaka hasa kusema linahusu mtambo wa zamani kuliko yote, NDB. Huo upo mbali na 108, chini kabisa, kwenye masafa ya kilohezi, chini ya AM ya majumbani. Haufanyi lolote ila kurusha mawimbi pande zote, na sindano ndani ya ndege huelekea yanakotoka. Ubaya ni kwamba radi nayo hurusha mawimbi kwenye masafa hayo hayo, tena kwa nguvu. Jioni moja nilikuwa narudi kutoka kaskazini, wingu jeusi limejaa juu ya ziwa, sindano yangu ikiwa imetulia mbele vizuri. Umeme ulipopiga upande wa kushoto sindano iligeuka ikauangalia, ikakaa kidogo, ikarudi, kisha ikageuka tena. Ilikuwa inanielekeza kwa utii wote kwenye kitu pekee ambacho sikutaka kukikaribia. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa radi ni nini, na hapo ndipo nilipoacha kuamini sindano peke yake.

Mwalimu wa Fizikia amerudi:

Nawashukuru wote kwa ukarimu. Jirani nimemsomea jibu la Fundi. Amenuna, lakini ameomba ramani yake. Limebaki swali ambalo najua darasa litaniuliza: simu yangu inajua nilipo kwa mita chache. Kwa nini basi tuendelee kufyeka majani mbele ya antena, na GPS ipo?

Fundi wa Mitambo amejibu:

GPS hutumika, tena sana, na ndege za kisasa huweza kukaribia uwanja kwa kuifuata bila kugusa mitambo ya chini. Lakini mawimbi yake hutoka umbali wa zaidi ya kilomita 20,000 na hufika yakiwa hafifu mno, kiasi kwamba mtambo mdogo wa kuvuruga huyazima. Miaka ya karibuni marubani wanaopita Mashariki ya Kati wamekuwa wakiona vyombo vikiwaonyesha mahali ambapo hawapo. Sisi tulio kwenye ikweta tuna shida yetu ya ziada: baada ya jua kuzama, tabaka la juu la anga hujaa mapovu ya chaji yasiyotulia, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo humetameta kama nyota. Anayekuvurugia GPS hawezi kwa mkono huo huo kuzima VOR, na radi inayomdanganya Rubani kwenye NDB haiigusi ILS kwa namna ile. Hitilafu za mitambo hii hazifanani, na hilo ndilo tunalolipia.

Kila mtambo pia hutaja jina lake kwa herufi chache za Morse, yaani milio mifupi na mirefu, tena na tena. Tunapoufungua kwa matengenezo tunaiondoa sauti hiyo, hata kama mawimbi yenyewe bado yanaruka. Rubani akiona sindano hai lakini hasikii jina, hana ruhusa ya kuiamini.

Mwongozaji Mstaafu amejibu:

Niongeze neno moja kwa ajili ya wanaodhani chombo kikiwepo basi yote yamekwisha. Tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines ya wakati ule ilikuwa inatoka London kuja Entebbe kupitia Rome. Kulikuwa na ukungu huko Rome. Majaribio mawili ya kutua yalishindikana, na la tatu walilifanya kwa VOR na DME. Mitambo hiyo humpa rubani mwelekeo na umbali, lakini haimpi mteremko. Urefu anapaswa kuusimamia mwenyewe, na mwenzake anapaswa kuutaja kwa sauti kadiri wanavyoshuka. Walishuka chini ya kikomo kabla ya kuiona njia. Kati ya watu 52 waliokuwamo, 33 walikufa. Wachunguzi waligundua kwamba wafanyakazi wa ndege hawakujiandaa vya kutosha kwa utaratibu wa namna hiyo, na kwamba urefu haukuwa ukitajwa.

Darasani waweza kuwapa hesabu hii: kwa mteremko wa digrii 3, ndege hushuka futi karibu 320 kwa kila maili moja ya baharini. Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 kutoka usawa wa bahari. Je, ndege iliyobakiza maili 5 inapaswa kusoma futi ngapi? Atakayejibu 1,600 amesahau mahali anapoishi.

Rubani wa Ndege Ndogo amejibu:

Nami nina zoezi, halihitaji gharama. Chukua ile ile redio yako ya betri, uihamishe AM, utafute kituo kinachosikika kwa wastani, kisha uilaze juu ya meza na kuizungusha taratibu. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, ambacho kwa kawaida hulala sambamba na ubavu mrefu wa redio. Pale sauti inapofifia kabisa, kijiti kinaelekeza nchani mwake kilipo kituo. Zungusha nusu duara na itafifia tena, kwa hiyo hujui kama kituo kiko mbele au nyuma. Ndege huliondoa shaka hilo kwa antena ya pili. Fanyeni hivyo siku ambayo wingu linapanda kutoka ziwani, mkiwa ndani ya darasa na madirisha yamefungwa, na waache wasikilize mkwaruzo unavyotangulia ngurumo.